Sydney: Protini na fumbo la kuteua kiinitete

Wanandoa wanaotafuta mtoto kwa kutungisha mimba nje ya mwili hukabiliwa na swali gumu: kati ya viinitete kadhaa vilivyokuzwa maabara, ni kipi kiwekwe katika mfuko wa uzazi?

Kwa miongo mingi jibu limetegemea jicho la mtaalamu, anayehesabu seli na kukagua umbo kwa hadubini. Lakini kiinitete chenye umbo zuri chaweza kushindwa kujishikiza.

Ndipo likaja wazo la protini. Kiinitete hufyonza lishe kutoka katika majimaji yanayokilea, na humo hutoa protini zake. Kwa kuyapima majimaji hayo, watafiti walitarajia kukifahamu kiinitete bila kukigusa.

Taaluma hiyo ina mizizi Sydney. Neno proteomu, yaani jumla ya protini za kiumbe, lilibuniwa mwaka 1994 na Marc Wilkins, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Macquarie jijini humo.

Hata hivyo njia haikuwa nyepesi. Protini za kiinitete ni chache mno, tena huzama katika albumini ambayo maabara huitia kwenye majimaji hayo. Katika miaka ya 2000 protini iitwayo HLA-G ilitiliwa matumaini makubwa, lakini matokeo ya maabara mbalimbali yakapingana.

Mwaka 2024 jopo lililoongozwa na Dakta Peter Illingworth wa Sydney lilitangaza matokeo ya kushindanisha programu ya kompyuta na wataalamu, kwa wagonjwa 1,066 katika kliniki 14 za Australia na Ulaya. Asilimia 46.5 ya walioteuliwa kiinitete na programu walipata mimba, ikilinganishwa na asilimia 48.2 upande wa wataalamu. Programu ilikuwa na kasi zaidi, lakini haikuthibitika kuwafikia wataalamu.

Gharama ya pupa ilidhihirika mwaka huo huo. Kampuni ya Australia ya Monash IVF ilikubali, bila kukiri kosa, kulipa dola milioni 56 za nchi hiyo kumaliza kesi ya wagonjwa zaidi ya 700. Walidai kwamba kipimo cha vinasaba, kilichotumia majimaji hayo hayo, hakikuaminika na kwamba viinitete vilivyofaa huenda viliharibiwa.

Funzo hilo linaihusu pia Afrika Mashariki, ambako watoto wa kwanza wa Kenya wa njia hii walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Kipimo hakikifanyi kiinitete dhaifu kuwa imara. Hupanga tu kipi kitangulie. Anayeuziwa kipimo ana haki ya kuuliza: je, kimethibitika kuongeza watoto wanaozaliwa, au kinaongeza gharama tu?