Ovataimu ya Krismasi na Matunzo ya Mtoto

Kuna pesa ambazo huingia mfukoni kwa muda tu, na kabla hujazizoea zimekwisha. Pesa za ovataimu ni za aina hiyo, na zimewagombanisha wazazi wengi waliotengana.

Tuchukue mfano wa baba anayefanya kazi katika kiwanda cha mikate jijini Nairobi. Mshahara wake ni Sh24,000. Kuanzia Oktoba hadi Desemba hufanya kazi hadi usiku na kuongezewa Sh6,000 kila mwezi. Januari, mama mtoto anakwenda mahakamani na hati za mshahara za miezi hiyo mitatu, nazo zinasema Sh30,000. Lakini ukigawa ile ovataimu yote, Sh18,000, kwa miezi 12, utapata Sh1,500 tu. Kwa wastani, basi, baba hupata Sh25,500.

Je, hakimu atafuata hesabu ipi? Hapa Kenya hakuna jedwali linalosema mapato kadha ni matunzo kadha. Hakimu huangalia mapato ya wazazi wote wawili, waliyo nayo na wanayotarajiwa kuwa nayo, pamoja na mahitaji ya mtoto. Kifungu 53 cha Katiba ya 2010 kinawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la. Kwa hivyo ovataimu si siri ya baba. Ikiwa huja kila mwaka, hayo ni mapato. Ikiwa ilikuja mara moja tu kwa sababu wenzake walikuwa wagonjwa, hilo ni jambo jingine, na afadhali aje na ushahidi.

Baba, peleka hati za mwaka mzima, hata zile zisizokupendeza. Na ovataimu ikikatika baada ya agizo kutolewa, usipunguze matunzo kwa uamuzi wako mwenyewe! Rudi mahakamani uombe agizo libadilishwe, la sivyo deni litaendelea kupanda.

Nawe mama, usipange karo ya mwaka mzima kwa pesa za Desemba. Njia ninayoipenda mimi ni hii: kubalianeni kiasi cha kila mwezi kutokana na mshahara wa kawaida, kisha muandike kwamba sehemu fulani ya ovataimu, ikipatikana, itanunua sare na vitabu vya Januari. Tieni sahihi nyote wawili, mpeleke makubaliano hayo mahakamani yafanywe agizo.