Ukomo wa Mishahara ya Wachezaji: Hesabu Kwanza

Tarehe 1 Julai 2024, Uwanja wa Amahoro, usio mbali na Kibagabaga, ulifunguliwa upya kwa pambano la APR, timu ya jeshi, na Police FC, timu ya polisi. Mwaka uliotangulia, APR ilikuwa imerudia kusajili wageni baada ya takriban miaka kumi ya kutegemea Wanyarwanda pekee. Usajili ukipanuka, gharama nazo hupanda. Ndipo linapozuka swali ambalo yafaa askari mpenda kandanda alielewe: matumizi ya klabu yawekewe mpaka, na mpaka huo upimwe vipi?

Njia zipo mbili. Katika ligi ya NFL ya Marekani, tangu mwaka 1994 timu zote hupewa kiwango kimoja. Mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2. Ulaya, UEFA huipima kila klabu kwa pato lake. Kuanzia 2025, mishahara ya wachezaji na kocha mkuu, gharama za uhamisho na malipo ya mawakala havipaswi kuzidi asilimia 70 ya mapato, ikiwemo faida ya kuuza wachezaji.

Ugumu umo katika kuhesabu. Tuchukue mfano wa mchezaji aliyenunuliwa kwa faranga milioni 100, kwa mkataba wa miaka mitano na mshahara wa milioni 2 kwa mwezi. Hata fedha ikilipwa yote siku ya kwanza, daftari huandika milioni 20 kila mwaka. Ukijumlisha mshahara, gharama ya mwaka ni milioni 44. Akiuzwa baada ya miaka miwili kwa milioni 80, daftarini zimesalia milioni 60, hivyo faida ni milioni 20. Akiachwa aende bure, milioni 60 zote huangukia mwaka huo mmoja.

Mkataba wa miaka minane ungeshusha milioni 20 hizo hadi 12.5. Klabu ya Chelsea ilitumia mwanya huo, na mwaka 2023 UEFA ikauziba: gharama ya uhamisho isigawanywe zaidi ya miaka mitano.

Jambo zito kwa timu za majeshi ni maana ya pato. Viingilio, matangazo na haki za televisheni huhesabiwa. Fedha ya mmiliki ya kufidia upungufu haihesabiwi. Kwa kipimo cha Ulaya, basi, timu inayobebwa na taasisi yake ingeonekana maskini, hata mishahara ilipwe kwa wakati. Kwa kipimo cha Marekani, ingelingana na timu ya mji mdogo.

Kwa hiyo, kabla ya kubishania kima cha mpaka, na ikubaliwe kwanza kipi ni pato na kipi ni gharama. Askari aliyewahi kushika daftari la ghala anafahamu: kisichoandikwa siku ya kupokelewa ndicho kizuacho mashaka siku ya ukaguzi.