"Juzi" ya Mswahili Mbele ya Mholanzi

Imezoeleka katika tafsiri zetu kulitwika fungu la maneno "hivi karibuni" mzigo wa kila tukio lisilokuwa la zamani. Kiholanzi chaufichua uzembe huo waziwazi.

Lugha hiyo ina vielezi vingi vya wakati uliopita karibu. Zojuist na daarnet hutaja dakika chache zilizopita, la kwanza likiegemea urasmi na la pili mazungumzo. Daarstraks hurudi nyuma zaidi, ila kwa kawaida halitoki nje ya siku ile ile. Onlangs hubeba siku, wiki hata miezi, nalo hulifaa gazeti. Laatst ni la soga. Lenye vituko ni pas: Ik ben pas verhuisd huarifu kwamba msemaji amehama si zamani, ilhali Hij komt pas morgen ni kusema kuwa mtu hatafika kabla ya kesho.

Je, Kiswahili ni maskini mbele ya haya? Hasha! Ik heb net gegeten ni "nimetoka kula". Tuna punde, tuna majuzi, tuna "ndiyo kwanza". Yamkini daarstraks pekee ndilo litakalomlazimu mfasiri kutumia maneno mawili matatu. Kinyume chake, "hivi karibuni" huelekea mbele na nyuma. Kitenzi kikiwepo, kiambishi cha njeo hutuokoa; lakini "mkutano wa hivi karibuni" umekwisha au unakuja? Onlangs halina utata huo, kwani haliendi mbele kamwe.

Huenda msomaji akadhani kuwa hizi ni porojo za darasani. Na amfikirie mkimbizi kutoka Kongo au Burundi anayehojiwa Ubelgiji au Uholanzi kupitia kwa mkalimani. Aeleza kuwa askari walifika kwake "juzi". Kwa maana finyu, juzi ni eergisteren, yaani siku iliyoitangulia jana. Kwa maana pana, ile itumiwayo barazani kila siku, ni laatst, na yaweza kuwa mwezi uliopita. Mkalimani akiandika eergisteren, kisha mkimbizi huyo akataja tarehe ya majuma matatu nyuma, maelezo yake yataonekana kujipinga, na atashukiwa uongo ambao hakuusema. Kabla ya kufasiri, mkalimani huyo alipaswa kuuliza swali moja tu: "Juzi ipi, ndugu?"