Kabla ya Kusugua Kifungo cha Vita

Kati ya Maktau na Taveta nchini Kenya, palipopiganwa Vita vya Kwanza vya Dunia, masika yakishapita, udongo hutoa maganda ya risasi, vigae vya chupa na, mara mojamoja, kifungo cha shaba. Anayekiokota hukimbilia majivu na limau, akakisugua mpaka kikang'aa. Heri angekiacha na uchafu wake.

Vifungo vingi vya jeshi la Uingereza vina nembo ya kifalme, na cha kutazamwa kwanza ni taji. La Malkia Victoria limebonyea katikati. Baada ya kifo chake mwaka 1901 likaja taji la mfalme, lililovimba juu kama kuba, likatumika hadi Malkia Elizabeth wa Pili aliporudisha umbo la kubonyea. Hapo ndipo wanunuzi hunaswa: kifungo cha miaka ya 1950, enzi za Hali ya Hatari nchini Kenya, huuzwa kwa bei ya kile cha Victoria. Afadhali kukipima kiganjani. Aluminiamu ya rangi ya dhahabu, iliyoingia jeshini miaka hiyohiyo ya 1950, ni nyepesi mno, haiwezi kudanganya mtu aliyewahi kushika shaba.

Kisha kigeuzwe. Kuzunguka kitanzi cha kushonea mara nyingi kuna jina la kiwanda, kama Firmin wa London au Gaunt wa Birmingham. Viwanda hivyo vilibadilisha majina na anwani, kwa hiyo herufi hizo ndogo hubana miaka zaidi kuliko taji lenyewe. Ndizo pia zinazofutika upesi kwa majivu.

Hata hivyo, mwaka wa kutengenezwa si mwaka wa kudondoka. Makoti yalirithiwa, na akiba ya ghalani iliendelea kutumika baada ya taji kubadilika. Kifungo cha Victoria kingeweza kabisa kupotea kwenye kilima cha Salaita tarehe 12 Februari 1916, siku wanajeshi wa Afrika Kusini waliposhindwa kukiteka kilima hicho wakarudi nyuma. Ushahidi uko pale kilipolala. Ganda la risasi lililo kando yake huwa limepigwa mwaka kwenye kitako. Kifungo kikishatiwa mfukoni na kupelekwa sokoni, uhusiano huo umekwisha, na hakuna mtaalamu atakayeurudisha.

Sheria haisaidii sana. Sheria ya Kenya ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kitu kuwa cha kale kikiwa kilitengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Vita vya 1914 vimeachwa nje kwa miaka 19! Bunge lingeweza kuweka kipimo cha miaka mia kinachosogea chenyewe, badala ya mwaka mmoja uliogandishwa. Maadamu halijafanya hivyo, mwenye shamba apige picha, aandike mahali na kina, kisha aite watu wa makavazi.

Nao wachimbaji waache kutafuta shaba tu. Upande wa Uingereza pekee, wapagazi takriban 95,000 walikufa katika vita hivyo, wengi kwa kuhara na malaria. Wengi wao walipewa blanketi, si koti la vifungo. Ramani inayochorwa kwa vifungo itaonyesha walikosimama maofisa na askari, huku kambi za wapagazi zikibaki tupu. Mawe ya meko, makopo na vigae vya vyungu ndivyo vinavyoweza kuzionyesha, na ndivyo vinavyotupwa kando kila mashine ya kutafutia metali inapolia.