JIKO LA FAMILIA: Paja la nguruwe kwa sherehe, na sahani ya jirani

Mwezi wa kumi na mbili umefika, shule zinafunga, na huku kwetu Nakivale kila upande kuna sherehe: ubatizo, harusi, Noeli, watoto waliomaliza darasa la saba. Wazazi kadhaa walituuliza: jamani walimu, paja zima la nguruwe linaokwa namna gani kama hatuna tanuru wala friji? Leo tunajibu. Lakini tunaanza na aibu yetu, maana ndiyo iliyotufundisha.

Mwiko uliopotea

Mwaka jana sisi walimu wa kujitolea tulipika kwa sherehe ya kufunga mwaka. Upande mmoja paja la nguruwe, upande mwingine wali na maharage kwa ajili ya familia za Kiislamu. Tulijiona tumefikiria yote. Katikati ya kugawa, mwiko wa maharage ukapotea. Mwenzetu akachukua ule wa nguruwe, akaupangusa kwa kitambaa, akaendelea kupakua. Mama mmoja Msomali aliona. Hakupiga kelele. Aliweka sahani chini, akawachukua watoto wake, akaenda. Sahani zikabaki pale zimejaa.

Shule ilipofunguliwa, binti yake hakuja. Wiki ya kwanza, wiki ya pili. Tukaenda kwake pamoja na mama mwenyekiti wa wazazi. Kiswahili chake alikipata Nairobi, akatukaribisha chai. Tukasema: «Mama, tumekuja kuomba msamaha. Tulikosea.» Akajibu: «Walimu, kukosea ni kwa kila mtu. Lakini niliuliza mara mbili kama vyombo viko mbalimbali, mkaniambia ndiyo mama, kaa tu. Kama kwa chakula mnanijibu hivyo, kwa masomo ya mtoto nitawaamini vipi?»

Hatukuwa na la kusema. Ni kweli tulijibu ndiyo bila kwenda kuangalia. Mtoto alirudi Jumatatu iliyofuata, nasi tukajiwekea kanuni mtakazoziona hapa chini.

Kuchagua nyama

Ham ya Wazungu, ambayo watu wa Bukavu wanaita jambon, ni paja lililokaa siku nyingi kwenye chumvi mahali pa baridi, na mara nyingi hupigwa moshi. Sisi hatuna baridi hiyo. Kwa hiyo tunafanya la siku moja: nguruwe anachinjwa asubuhi, analiwa mchana.

Nunua nyama iliyopimwa na daktari wa wanyama. Hata hivyo angalia kwa macho yako. Ukiona ndani ya nyama vitu vyeupe kama punje za mchele, usinunue, hata kwa bei ya bure. Hayo ni mayai ya tegu, watu wanasema, lakini sivyo: ni tegu wachanga wenyewe, kila mmoja ndani ya kifuko chake. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, tegu anakua tumboni mwake, na mayai yanatoka na choo. Mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, yanaweza kwenda mpaka kwenye ubongo na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mahali ugonjwa huu umeenea, karibu wagonjwa 30 kati ya 100 wa kifafa wameupata kwa njia hiyo. Basi mtoto akianguka darasani, tusikimbilie kusema amerogwa. Apelekwe hospitali. Na nguruwe wafungwe bandani, wasizunguke penye vyoo.

Mahitaji (watu 20 hadi 25)

- Paja moja la kilo 5, na mfupa wake
- Chumvi vijiko 5 vya chakula
- Vitunguu 4, kitunguu saumu kichwa 1, tangawizi kipande
- Karafuu 10 kama zipo
- Asali vijiko 4 na ndimu 2
- Sufuria kubwa yenye mfuniko wa bati, na makala ya kutosha

Namna ya kupika

1. Saa moja asubuhi, osha paja, lipake chumvi yote, ingiza pia karibu na mfupa. Lifunike vizuri, likae kivulini mpaka saa tatu. Lisipitishe hapo, maana joto linaharibu nyama.

2. Lisuuze kidogo. Liweke sufuriani, maji yalifunike, tia vitunguu, saumu na tangawizi. Likichemka punguza moto, liive polepole kwa saa mbili na nusu mpaka tatu.

3. Choma kisu mpaka kwenye mfupa. Maji yakitoka mekundu, bado. Yakitoka meupe na nyama inaachia mfupa, limeiva. Hapa hakuna haraka ya wageni: nyama ya nguruwe yenye wekundu haiendi mezani.

4. Litoe, mwaga supu kwenye chombo kingine (inafaa kupikia sombe ya wanaokula nguruwe). Chana ngozi mistari ya kukatana, choma karafuu katikati.

5. Weka mawe madogo matatu ndani ya sufuria kavu, paja juu yake. Makala machache chini, mengi juu ya mfuniko. Hilo ndilo tanuru letu. Acha nusu saa.

6. Changanya asali na maji ya ndimu, paka, rudisha dakika 20. Asali isipakwe mwanzoni, inaungua na kuwa chungu.

7. Likipata rangi ya kahawia, litoe, lipumzike dakika 20 kabla ya kukata. Kata vipande vyembamba, kisu kikatize nyuzi za nyama.

Neno moja: msiazime tanuru ya mkate. Mkate ule unanunuliwa na Waislamu pia, na mwokaji atapoteza wateja kwa ajili ya paja lenu.

Kugawa

Mioto miwili, mbali. Visu viwili, miiko miwili, na wagawaji wawili wasiobadilishana. Meza ya nguruwe iwe pembeni, na mtu atangaze kwa sauti kabla ya maombi ni nyama gani iko wapi. Wasabato wengi nao hawali, tusiwasahau. Mgeni akiuliza, usijibu kwa kumfurahisha. Nenda uangalie, halafu rudi umwambie. Kama mwiko umepotea, sherehe isimame mpaka upatikane mwingine safi.

Iliyobaki isilale mezani mpaka jioni. Saa mbili zikipita na jua hili, ni hatari. Wagawieni watu mapema, na wakiipasha ichemke kabisa.

Mwaka huu tulimwomba yule mama asimamie jiko la pili, la wali na mbuzi. Alicheka kwanza. Halafu akakubali kwa masharti: moto wake uwashwe kabla ya wetu, na miiko yake aje nayo mwenyewe na aondoke nayo mwenyewe. Tumekubali yote. Binti yake ameshatuambia atakaa karibu na mlango wa jiko, ahesabu miiko.

Sherehe njema kwenu nyote. Mwezi wa kwanza tutaongea juu ya uji wa mtoto anayeachishwa ziwa. Mwenye swali alilete shuleni.

Ni sisi walimu wenu.