Kuamini au kutarajia?

Oktoba 21, 1805, karibu na rasi ya Trafalgar huko Hispania, Admirali Nelson alimwita John Pasco, ofisa wa ishara kwenye meli ya Victory. Alitaka bendera zipandishwe mlingotini ili mabaharia wote wajue kwamba Uingereza ina imani kila mtu atatimiza wajibu wake.

Pasco akaomba kubadili neno moja. Katika kitabu cha ishara, maneno ya kawaida yalikuwa na namba, na bendera tatu zilitosha kwa neno zima. Neno la "kuwa na imani" halikuwemo. Lingeandikwa herufi kwa herufi, na vita vilikuwa vinaanza. "Kutarajia" lilikuwemo. Nelson akakubali papo hapo.

Imani ikageuka matarajio kwa kukosa muda tu. Ajabu ni kwamba hata "wajibu" halikuwemo, lakini hilo liliandikwa herufi kwa herufi.

Wazazi nao hufanya hivyo kwenye simu. Mtoto yuko bweni, kesho ana mtihani wa kidato cha nne, mama yuko kwenye daladala: "Tunatarajia ufaulu." Basi. "Tunakuamini" ni fupi zaidi, lakini huachwa.

Inasemekana Collingwood, msaidizi wa Nelson, alipoona bendera zile alinung'unika kwamba kila mtu anajua la kufanya. Watoto husema hivyo hivyo.

Pasco alijeruhiwa mkono siku hiyo. Mwaka 1846, akiwa mzee, alirudi Victory kama nahodha wake. Mazungumzo yale kuhusu neno moja yanajulikana leo kwa sababu aliyasimulia mwenyewe.