Adui wa mahindi ni mahindi

Kila uchaguzi ukinukia hapa Eldoret, kuna msemo unafufuka: ndege wa mbawa moja huruka pamoja. Utausikia stejini, utausikia kwa kinyozi, na siku hizi unatumwa kama stika ya WhatsApp. Maana yake sote tunaijua. Ni ati hata wanyama hukaa na wa kwao, kwa hivyo mtaa huu ni wetu, nyinyi mna kwenu.

Leo sibishani kuhusu wanasiasa. Nabishana kuhusu ndege. Ukimwita mnyama akutolee ushahidi, mwache aongee mpaka amalize. (Na niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo msije inboksi kuniuliza digrii. Kusoma sikuacha.)

Tuanze na hao ndege. Kwenye msitu wa Kakamega, siafu wakitoka kuwinda, wadudu waliojificha chini ya majani hutimua mbio. Ndege wanawangoja. Sio wa mbawa moja. Ni spishi tofauti kabisa, zote nyuma ya msafara mmoja wa siafu. Na si ati wanapendana, wengine hufukuzana pale pale. Lakini chakula kipo, na kila mmoja ana namna yake ya kukidaka.

Ama tusiende Kakamega. Sisi ni watu wa mahindi. Mbona unaambiwa uache sentimita 75 kati ya mistari na 25 au 30 kati ya mashimo? Kwa sababu hakuna kitu kinachoumiza mmea wa mahindi kama mmea mwingine wa mahindi. Vyote viwili vinataka maji yale yale, mbolea ile ile, jua lile lile, na vinavitaka wiki ile ile. Sasa weka maharagwe katikati. Maharagwe ni mafupi, yanakomaa mapema, na mizizi yake inakaa na bakteria wanaoyatolea naitrojeni hewani. Shosho yako alijua hii kitu kabla ya profesa yeyote. Wataalamu wa ekolojia wanasema spishi mbili zinaweza kudumu pamoja kama kila moja inajibana yenyewe kuliko inavyoibana jirani. Kufanana ndiko kunaleta vita. Ule msemo umegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Laikipia, kwenye kituo cha utafiti cha Mpala, watafiti waliwachunga ng'ombe pamoja na punda, punda akisimama mahali pa punda milia. Wafugaji wengi huamini pundamilia anamaliza nyasi za ng'ombe. Ng'ombe waliochungwa na punda waliongeza uzito kwa asilimia 60 zaidi ya wale waliochungwa na ng'ombe wenzao tu. Punda anakula mabua magumu ya juu, ng'ombe anapata majani laini ya chini. Lakini kuna utafiti mwingine wa huko huko, uliotoka 2011, na huu hauna utamu: mvua ikiwepo, wanyamapori wanamsaidia ng'ombe kunenepa, kiangazi kikiingia, wanamnyima chakula. Majirani ni wale wale. Kilichobadilika ni kiasi cha nyasi.

Na ndiyo, kuna wanaokaa mbali. Huko Laikipia kuna migunga midogo yenye vijumba vyeusi kwenye miiba. Kwenye miti hiyo wanaishi sisimizi wa spishi nne, na kwa kawaida kila mti una kundi moja tu. Matawi yakigusana ni vita vya kufa. Lakini cheki: wanapigana hata na wa spishi yao wenyewe kutoka mti wa jirani. Damu moja haiwasaidii kitu.

Halafu kuna hii ya ua. Mwaka 1995 watafiti walizungushia sehemu za mbuga ua ili ndovu, twiga na wanyama wengine wakubwa wasiingie. Ungedhani miti itafurahi, aliyekuwa anaivunja ameondoka. Baada ya miaka kumi hivi miti ilikuwa imepunguza nekta na vijumba, maana haikuwa na haja tena ya kuwalipa askari. Sisimizi wazuri wakapungua. Wakaongezeka wengine wasiolinda mti vizuri, wanaoishi kwenye mashimo yaliyotobolewa na wadudu. Miti ikakua polepole na mingi ikafa. Ilikufa ndani ya ua, ikiwa salama.

Nasema haya kwa sababu mji huu umewahi kujaribu ua. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa walichomwa ndani, na maelfu wakalala kwenye uwanja wa maonyesho hapa mjini. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Muulize mwenye duka yeyote wa wakati huo kama alipumua vizuri zaidi baada ya wateja wake kufukuzwa.

Mwenye stika atasema nimelinganisha watu na punda. Yeye ndiye alianza, na alianza vibaya, maana Mkalenjin, Mkikuyu, Mluhya na Mjaluo sio spishi nne. Ni moja. Sisi sio ng'ombe na punda, sisi ni mahindi na mahindi: wote tunataka kipande cha shamba, karo ya watoto, kazi ya kaunti na bei nzuri pale NCPB. Tunagombana kwa kuwa tunataka kitu kimoja na ni kidogo. Hiyo ni kesi ya hatimiliki, ajira na bei, na hapo nataka kuwasikia wagombea wakitoa hesabu. Akileta habari ya mbawa, mimi nazima redio.

Kama uko Moiben au Ziwa na bado unachanganya mahindi na maharagwe, niandikie hapo chini unapata magunia mangapi kwa ekari. Nataka kuja kufanya video.